Bi mkubwa kanitumia salfeti la ubuyu na ndoo ya furu kutoka Mpwapwa, hapa Tandale nazifanyia nini?

Mbeba Mizigo

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Jumamosi nimepigiwa simu na konda wa basi kwamba nina mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikashangaa maana sikuagiza kitu. Kufika nakuta bi mkubwa kanitumia salfeti la ubuyu limejaa mpaka limeshonwa juu kwa kamba ya katani, ukwaju umefungwa kwenye khanga kuukuu, na ndoo ya lita kumi ya furu, yale matunda meusi ya porini. Hizo furu nadhani zilikaa karibu na injini, mfuniko ulishavimba na nilipoufungua zikatoa povu kama pombe, konda akaniambia kaka ondoka nayo hiyo kabla abiria hawajaanza kulewa.

Sababu ya yeye kutuma ni hii. Mtoto wangu wa pili ana mwaka na miezi minane, kliniki walimpima wakasema damu iko chini, wakampa dawa na wakatuambia ale mboga za majani, maharage, dagaa na matunda. Maharage na dagaa tunajikongoja. Matunda ndo ngoma, mimi nabeba mizigo pale sokoni, siku nzuri naondoka na elfu kumi siku mbaya narudi na mgongo tu, sasa machungwa ya kila siku kwa watoto wawili na mama yao yanatoka wapi. Nilimsimulia bi mkubwa kwenye simu basi tu kupiga stori, akacheka sana, akasema nyie mjini mnanunua machungwa wakati huku ubuyu unaanguka wenyewe mbuzi wanaukanyaga.

Sasa wakuu hali halisi ya hapa: tumepanga chumba kimoja, nyumba ina wapangaji saba choo kimoja cha shimo, maji tunanunua kwa ndoo kwa jirani mwenye bomba, friji hatuna, bati ni jipya ila halina dari kwaiyo mchana humo ndani ni tanuri, na panya ni wengi kuliko wapangaji. Wife ni mtu wa Pwani, yeye ubuyu anaoujua ni ule mwekundu wa kumung'unya, huu mweupe ananiambia ni wa wajawazito. Majirani nao wanacheka, eti mtu upo Dar unalishwa vitu vya porini.

Naombeni mawazo, je huu ubuyu kwa mtoto ni chakula kweli au najifariji, unahifadhiwaje kwenye chumba kama changu, na je naweza kuuza kidogo nipate ya sabuni? Alafu hizo furu ndo basi tena?

---

Mama Barafu

Kwanza hongera kwa kuwa na mama baba, wengine tukipigiwa simu za kijijini ni kuombwa hela tu.

Mimi nauza maji ya ukwaju na barafu za ubuyu Manzese mwaka wa kumi na tatu huu, watoto watatu wamesoma kwa hiyo kazi. Nakwambia ninachokijua. Salfeti usiliweke sakafuni, saruji inatoa unyevu, na ubuyu ukishavuta unyevu unageuka rangi kama sukari guru unashikana mabonge alafu unatoa harufu ya uvundo, ukifika hapo umwage hata kama unakuuma. Nenda kwa mama ntilie wakuuzie ndoo tupu za mafuta ya kula zile zenye mfuniko wa kubana, osha kausha juani kabisaaa, jaza ubuyu, weka juu ya meza au matofali. Panya hatoboi ile. Na usiitwange yote kwa pamoja, ukiuacha na mbegu zake unakaa muda mrefu, twanga au loweka wa siku hiyo tu.

Kutengeneza ni rahisi ila watu wanakosea sana sehemu moja. Wanachemsha ubuyu. Usichemshe ubuyu, chemsha MAJI. Maji yachemke mpaka yatokote vizuri, yaache yapoe yawe ya uvuguvugu ule wa kumuogeshea mtoto, ndo unamwagia ubuyu wako na mbegu zake, funika kama nusu saa, alafu vuruga na mwiko mpaka uone mbegu zimevuliwa nguo zimebaki nyeusi zenyewe. Chuja. Hapo inakuwa nzito nyeupe kama maziwa, sukari kidogo, iliki punje mbili basi. Ukwaju ndo ule ule mwendo, ila ukwaju menya kwanza toa zile nyuzi.

Biashara: ntakwambia ukweli, maji ya ukwaju glasi jero yanatoka kwenye jua, siku ya mvua unakunywa mwenyewe. Barafu zinatoka kila siku ila unahitaji friza na umeme nao unakula, wewe huna friji kwaiyo hiyo iache. Anza na kuuza ubuyu mkavu kwa kikombe kwa sisi tunaotengeneza, ubuyu wa Dodoma tunaupenda maana unakuja mkavu.

Naongezea kitu sikipendi kukisema lakini ntasema. Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia hapa Dar, mabwana afya walipita wakatupiga marufuku sisi wote wa juisi na wa matunda ya kukatwa. Nilimwaga ndoo mbili mtaroni mbele ya wateja huku nalia, nikaona naonewa. Ila wakati ule maji nilikuwa nachota bombani naweka ubuyu moja kwa moja, sichemshi kitu, mkaa ulikuwa hautoshi. Mpaka leo sijui kama kuna mtu aliugua kwa mkono wangu. Toka hapo nachemsha.

---

Bonde Halina Mwenyewe

Mimi nitakuwa tofauti kidogo mtanisamehe. Kila siku tunapeana mbinu za kuishi uswazi, mara mchicha kwenye magunia mara ubuyu mara majani ya mlonge, kama vile shida ya maskini ni kutojua kula. Mleta mada umesema mwenyewe wapangaji saba choo kimoja cha shimo. Masika ikija wenye nyumba wanafanya nini? Wanatapisha. Wanasubiri mvua kubwa usiku wanatoboa ukuta wa choo, mavi yote yanashuka mtaani yanapita mlangoni kwako, asubuhi watoto wanacheza humo humo. Wakiwa waungwana sana wanaita vyura, wale jamaa wanaingia shimoni na ndoo, wanahamishia kwenye shimo lingine hapo hapo uani. Gari la majitaka litapitaje kwenye uchochoro ambao hata jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa?

Sasa huyo mtoto ataharisha leo kesho keshokutwa, hata umnyweshe ubuyu wa Dodoma nzima utatoka tu.

Mimi nilikuwa bondeni Msimbazi mafuriko ya Desemba 2011, nililala juu ya bati na watu kumi na moja. Waliokubali walipelekwa Mabwepande, wengine tukarudi maana Mabwepande na kibarua cha Kariakoo wapi na wapi. Mwisho wa 2015 wakaja na rangi nyekundu wakapiga X, nyumba zikashuka. Sisemi Dar hakuna kilichobadilika, Tandale mmepata barabara za lami na mifereji na taa, na mto Ng'ombe sasa umejengewa kuta, nakumbuka zamani ukijaa ule mnahamia msikitini. Lakini lami inaishia kona, ukiingia ndani nyumba tano ni kule kule.

Kwaiyo mkuu mpe mtoto ubuyu sawa, ila siku ya mkutano wa mtaa nenda ukaulize habari ya choo.

---

Mbeba Mizigo

@Mama Barafu asante sana dada, hiyo ya ndoo za mafuta nimeishaanza kufuatilia.

@Bonde sikatai mkuu, hiyo ya kutapisha nimecheka kwa uchungu, mwaka juzi kandambili zangu ziliondoka na hayo maji nikazikuta mtaa wa tatu. Ila mkutano wa mtaa sio wa leo, mtoto anakula leo.

---

Nesi Mstaafu

Marahaba wanangu. Nimefanya kazi kliniki za mama na mtoto miaka mingi, nimestaafu, nimeona hii mada nikasema nisipite kimya.

Ubuyu sio wa wajawazito peke yao, mwambie mkeo. Huo unga mweupe una vitamini C nyingi sana, ukipima gramu kwa gramu unaliacha chungwa mbali mara kadhaa, ingawa hapo tusidanganyane, ubuyu umekauka na chungwa sehemu kubwa ni maji kwaiyo sio mashindano ya haki. Lakini kwa mtu asiye na hela ya chungwa ni jambo kubwa. Tena una kalsiamu.

Sasa sikiliza hapa ndipo penye faida yako. Ubuyu wenyewe HAUONGEZI damu kama watu wanavyodhani. Madini ya chuma yapo kwenye hayo maharage yako na mchicha na matembele, tatizo ni kwamba chuma cha kwenye mimea mwili unakichukua kwa shida, kingi kinapita. Vitamini C ikikutana nacho tumboni kwa wakati mmoja inakisaidia kuingia. Kwaiyo mpe ubuyu PAMOJA na chakula, sio saa nne asubuhi peke yake kama kiburudisho. Na chai ya rangi pamoja na msosi wa maharage acheni kabisa nyumba nzima, majani ya chai yanakizuia hicho chuma. Ni tabia yetu uswahilini, ugali maharage na chai ya rangi ya moto pembeni, alafu tunashangaa.

Ndio maana nakubaliana na Mama Barafu, vitamini C inakufa kwenye moto. Wengine wanaweka kwenye uji ukiwa unachemka jikoni, wanabakiwa na uchachu tu. Epua uji, uache upungue joto, ndo ukoroge kijiko cha unga wa ubuyu.

Kama mkaa ni shida na unatumia dawa ya maji ya klorini, weka dawa kwenye maji kwanza, subiri nusu saa yote, ndipo uweke ubuyu. Ukitia kwa pamoja vitamini C na klorini zinauana zenyewe kwa zenyewe, unabaki huna dawa na huna vitamini. Hili nimewafundisha wamama wengi na karibu wote walikuwa wanalikosea.

Mengine ya haraka. Dawa ya damu ya kliniki usiache hata siku moja eti kwa sababu kuna ubuyu. Mrudishe wamwangalie na minyoo na malaria, na sikoseli kama hajapimwa, damu inashuka kwa njia nyingi. Mbegu asipewe, umri huo zinapalia. Aliye chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu, sitaki kusikia ubuyu. Na ule mwekundu wa kumung'unya ni sukari na rangi, mpe siku ya sikukuu.

Kaka yangu wa bondeni naye hajakosea. Tumbo linaloharisha kila wiki halijengi kitu, nimelitazama hilo kwenye kadi za kliniki, mstari unapanda kidogo unashuka unapanda unashuka.

---

Chawa wa Mtaa

Mimi nimekwama kwenye furu zilizotoa povu. Hizo hazijaharibika mkuu hizo zimeiva kwa watu wazima. Nitumie lokesheni.

---

Mwana wa Mpwapwa

Mbukwenyi! Nimesoma furu nikaacha kila kitu.

Wanaocheka vitu vya porini waacheni. Sisi tuliochunga mbuzi kule tunajua, mchana hakuna anayekuletea chakula malishoni, unakula furu mpaka ulimi unakuwa mweusi kama umelamba wino, mama akitaka kujua kama ulichunga kweli au ulizurura anakwambia toa ulimi. Kuna msada, kuna mkole ule wenye vitunda vidogo unatafuna sukari unatema kokwa, kuna matonga yale ya ganda gumu unapasua kwenye jiwe unamung'unya nyama yake ila kokwa wazee wanakukataza usizitafune, ni chungu na hazina mchezo. Babu yangu alikuwa akisimulia njaa ya Mtunya, ile iliyowakuta wazee wake mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi yamepita yamechukua ng'ombe na nafaka na mvua ikagoma, anasema waliobaki Ugogo ni pori lililowabakisha. Kwaiyo sio chakula cha aibu kile.

Mbuyu kwetu hautupi kitu. Unga wake kwenye uji au kwenye maziwa, majani machanga ni mboga, yakikauka yanatwangwa yanawekwa kwenye makopo ya kiangazi, ukipika yanavutika kama mlenda. Mbegu tunakaanga tunatafuna kama karanga, au zinatwangwa zinaungwa mboga. Kifuu chake ni kata ya kuchotea maji. Magome ni kamba. Mleta mada hizo mbegu utakazochuja usimwage, kaanga.

Ila nina la kuongezea ambalo naona watu wa Dar hamlioni. Mbuyu wenyewe umesalimika kwa sababu ya ubovu wake, mti wake ni kama sifongo, hautoi mkaa wala mbao. Mkwaju sio hivyo, mkwaju unatoa mkaa mzuri wa moto mkali. Pale kijijini kwetu njia ya kwenda kisimani ilikuwa na mikwaju mitano mikubwa, nimerudi msiba juzi nimekuta mmoja. Minne ilipanda lori usiku ikiwa magunia. Sasa huo mkaa unaishia wapi? Hapo hapo Tandale na Manzese, kwenye kopo la buku jero, mnachemshia maji ya kutengenezea juisi ya ukwaju. Simlaumu mtu, mama ntilie hana gesi ya kuchezea na kijana wa kijijini hana kazi nyingine. Ila bei ya ukwaju mnayolalamika inapanda, hiyo ndo sababu mojawapo.

---

Mama Barafu

Mwana wa Mpwapwa umenichoma. Nilikuwa nafikiri ukwaju unapanda kwa sababu ya madalali.

Mimi saivi gesi natumia mtungi mdogo ila ukiisha katikati ya mwezi narudi kwenye mkaa, siwezi kusema uongo.

---

Kisauni Boy

Hapa kwetu Mombasa mabuyu ni kitu ya kawaida sana, nje ya kila shule kuna mama ana ndoo, mekundu yana pilipili na sukari, wengine waweka na achari ya embe. Lakini nyanya yangu alikuwa atukataza yale yenye rangi sana, asema buyu halali ni jeupe. Kunazi nazo tulikuwa twaokota, na majani ya mkunazi ndiyo huoshewa maiti, kwa hivyo ukikata mkunazi hapa mtaani wazee watakutafuta. Wallahi sikuwa najua mambo ya klorini hayo, shukran sana mama nesi.

---

Bonde Halina Mwenyewe

Haya mkunazi unalindwa kwa sababu ya maiti, mbuyu unalindwa kwa sababu hauwaki. Mkwaju ufanye nini sasa na wenyewe.

---

Mbeba Mizigo

Wakuu narudi kutoa mrejesho, imepita wiki ya tatu.

Ndoo za mafuta nilipata mbili, moja ilikuwa na ufa chini nikaja kugundua baadae panya keshaingilia hapo hapo, nimepoteza kama vikombe vinne. Ya pili iko salama juu ya kabati. Ubuyu mkavu nimeuza nusu ya salfeti kwa mama mmoja wa barafu mtaa wa pili, hakuwa na hela yote kanipa nusu na nyingine ananilipa kidogo kidogo, mpaka sasa nadai. Biashara ya juisi sijagusa.

Mtoto mwanzo alikataa, anautema unamwagika kifuani, wife akasema si nilikwambia. Alafu siku moja tumeuchanganya kwenye uji uliopoa na ndizi mbivu iliyopondwa, akamaliza kikombe akalia anataka cha kwanza kirudi. Sasa ndo utaratibu. Mchana wife anampa maji ya ubuyu kijikombe na maharage yake, na chai ya rangi tumeihamishia asubuhi, hapo mimi ndo nimeumia zaidi maana nilikuwa siwezi ugali bila chai. Kliniki tunarudi tarehe kumi na mbili ndo tutajua damu imefika wapi, mama nesi dawa hatujaruka.

Maji tunachemsha ya kunywa na ya ubuyu kwa pamoja usiku mmoja, mkaa unauma kweli ila tumeshirikiana na jirani wa chumba cha mbele, yeye anachemsha leo mimi kesho, jiko moja masufuria mawili. Yeye ndo alikuwa anacheka vitu vya porini. Jana kaniomba kikombe cha ubuyu.

Habari ya choo nimeuliza kwenye mkutano kama Bonde alivyosema. Wamesema wamepokea.

Furu tulimwaga, samahani Chawa wa Mtaa. Ila bi mkubwa kapiga simu jana swali la kwanza akauliza furu mlizila? Nikamwambia zilifika nzuri sana mama watoto waligombania. Akafurahi mno, anasema keshaongea na konda, wiki ijayo anatuma ndoo mbili.

---

Mwana wa Mpwapwa

Mwambie azianike kwanza. Na mbegu umekaanga au umemwaga?